Vipande vya Mishumaa Visitupwe, na Chupa ya Mafuta ya Taa Itoke Jikoni

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Mwezi huu sitaandika juu ya mbegu wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hayo mabwana shamba watayaeleza vizuri kuliko mimi, kwa maana kazi yangu ni ya karani: kuandika barua, kupanga mafaili na kuhesabu magunia. Nataka kusema juu ya jambo la jikoni ambalo wengi watalidharau, nalo ni vile vipande vya mishumaa, ukubwa wa kidole gumba, vinavyobaki mezani stima ikirudi, au vinavyokwanguliwa kanisani na kutupwa shimoni pamoja na takataka nyingine.

Maoni yangu ni haya: vipande hivyo si takataka. Ni kitu kizuri cha kuwashia moto, na kila nyumba ya skimu ikiviweka akiba twaweza kuitoa jikoni ile chupa ya mafuta ya taa ambayo imeunguza watoto wetu. Wala sisemi kwa kusikia. Nasema kwa sababu siku moja chupa hiyo ilikuwa mkononi mwangu.

YALIYONIPATA

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa 2022, wakati wa mvua. Mke wangu alikuwa amelazwa hospitali kwa kujifungua, nami nikabaki nyumbani na watoto. Nyumba yetu iko Kinangop, mahali palipo juu ya mita 2,400, na wanaokaa huku wajua baridi ya saa kumi na moja alfajiri. Ng'ombe wawili wa gredi walikuwa wakingoja kukamuliwa. Gari la maziwa hupita saa kumi na mbili na nusu, nalo halimngoji mtu. Nilihitaji maji ya moto ya kuoshea viwele, tena nilihitaji chai ya watoto kabla ya shule. Kuni zilikuwa zimelowa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeziacha nje usiku.

Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikafanya kama nilivyowaona watu wakifanya tangu utoto wangu: nikachukua chupa ya soda yenye mafuta ya taa, nikamimina juu ya kuni. Nilidhani makaa ya jana yamekufa. Hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamelala chini ya jivu. Ukapanda kama ukungu mweupe, halafu ghafula ukageuka kuwa moto, na moto ukafuata mafuta mpaka mdomo wa chupa. Nikaitupa ile chupa bila kutazama. Ilianguka karibu na mlango, na mlangoni alikuwa amesimama kijana wangu wa miaka sita, amekuja kuota moto.

Alikaa hospitali wiki tatu. Mtoto mchanga alipoletwa nyumbani, kaka yake hakuwapo kumlaki. Mguu umepona na anatembea vizuri, lakini ngozi iliyo juu ya kifundo imejikunja, naye huvaa soksi ndefu hata siku ya jua kali. Hakuna aliyemwambia azivae. Ni yeye mwenyewe.

Jambo linalonisumbua ni kwamba mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini. Habari za mvuke na moto nilikuwa nimezifundisha kwa chaki ubaoni, watoto wa watu wakaziandika madaftarini. Nyumbani kwangu nikazisahau. Kwa hiyo leo nitazieleza tena, na huenda mwingine akazikumbuka kwa wakati.

KWA NINI MAFUTA YA TAA HURUKA

Kinachowaka si mafuta yenyewe, ni mvuke wake. Mafuta ya taa yakiwa katika taa hupanda kidogo kidogo kwa utambi, na mvuke wake huwaka pale juu tu. Kwa hiyo katika taa yanaitika amri. Lakini ukiyamimina juu ya makaa yenye moto, yote hugeuka mvuke kwa mara moja, nao hujaa jikoni kabla hujauona. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 38 hivi za joto, yaani karibu sawa na joto la mwili wa mtu, na makaa yaliyofunikwa na jivu yana joto la mamia ya nyuzi. Basi mtu anayemimina ni kama anayejenga nyumba ya mvuke na kusimama ndani yake, akingoja cheche.

Hatari huzidi mafuta yakiwa si safi. Petroli kidogo ikiingia katika mafuta ya taa, kwa hila ya mchuuzi au kwa sababu ya mtungi usiosafishwa, mafuta hayo huweza kulipuka hata pale ambapo siku zote yalikuwa yakiwaka polepole. Nawe huwezi kuijua petroli hiyo kwa kutazama chupa.

Nta ya mshumaa ni tofauti. Nta nyingi ya siku hizi nayo hutoka katika mafuta ya ardhini, kwa hiyo ni jamaa moja na mafuta ya taa, lakini ni jamaa mwenye subira. Huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 65 hivi, na haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ifike karibu nyuzi 200. Shika kipande cha nta kisicho na utambi ukiguse kwa njiti ya kiberiti: kitadondoka, lakini hakitawaka. Ili kiwake chahitaji utambi. Basi tukiipa nta utambi wa namna nyingine, yaani unga wa mbao au gunzi la mahindi, twapata kitu kinachowaka taratibu, mahali pamoja, bila kuruka. Vitu hivyo mimi naviita viwashio.

Wako pia wanaowasha moto kwa vipande vya mpira wa gurudumu, viatu vikuukuu au karatasi za nailoni. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine bado zimejaa. Moshi wa vitu hivyo una sumu, nao huingia katika kifua cha mama anayepika na cha mtoto aliye mgongoni. Hiyo si njia ya kuepuka mafuta ya taa. Ni kukimbia chui na kuingia kwa simba.

HESABU YA MFUKO

Tuhesabu pia fedha. Tuseme kila asubuhi nyumba humimina vijiko vitatu vya mezani, ambavyo ni mililita 45. Ni kidogo, wala hakuna anayekumbuka. Lakini kwa siku 365 ni zaidi ya lita 16. Nyumba inayowasha moto asubuhi na jioni humimina zaidi ya lita 32. Haya, zidisha kwa bei ya lita moja katika duka la karibu nawe, kisha uniambie kama fedha hizo hazikutosha kununua chumvi ya ng'ombe. Wenye kumbukumbu wajua kwamba mwaka wa 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Tangu hapo mafuta ya taa si kitu rahisi cha maskini kama zamani. Kuyamwaga juu ya kuni ni kuchoma fedha, na wahenga walisema akiba haiozi.

NAMNA YA KUTENGENEZA VIWASHIO

Kwanza, weka mkebe mahali ambapo wote wa nyumbani watauona, na kila kipande cha mshumaa kitiwe humo. Kanisani pia viko, lakini mwombe padri au mzee wa kanisa kwanza, kwa maana mishumaa mingine imebarikiwa na haitolewi ovyo. Nta ya nyuki usiichome kamwe. Hiyo ina wanunuzi wake, na bei yake ni kubwa kuliko ya moto.

Pili, tafuta unga wa mbao mkavu kutoka kwa seremala, na trei ya mayai iliyo ya karatasi, si ya plastiki. Jaza unga katika kila shimo na uushindilie kwa kidole, lakini usiwe mgumu kama jiwe, maana moto wahitaji hewa.

Tatu, yeyusha nta. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Usiweke mkebe wa nta juu ya moto wenyewe. Chukua sufuria kuukuu, tia maji hadi kimo cha vidole vitatu, weka sufuria juu ya makaa machache, kisha usimamishe mkebe wa nta ndani ya maji hayo. Katika nchi yetu ya juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo nta iliyo ndani ya mkebe haiwezi kupita hapo, nayo iko mbali sana na nyuzi 200. Maji ndiyo mlinzi wako. Yasikauke, yakipungua, ongeza, na usiyamwage ndani ya nta. Kazi hii ifanyike nje, mchana, na mtu mzima, watoto wakiwa mbali.

Ikitokea nta kushika moto, usiimwagie maji. Maji hugeuka mvuke chini ya nta na kuirusha yote hewani ikiwa inawaka. Funika kwa kifuniko cha bati au mimina mchanga, ondoka, uache ipoe. Kwa hiyo kifuniko na mchanga viwe karibu kabla hujaanza.

Nne, toa vipande vya utambi kwa kijiti, kisha mimina nta juu ya unga polepole mpaka ulowe. Usiifanye ielee. Kwa trei ya mashimo 30 mimi hutumia kama nusu kilo ya nta. Iache mpaka siku ya pili, kisha kata kila shimo peke yake. Hapo una viwashio 30. Kimoja chatosha moto mmoja, na vyangu huwaka dakika kumi hivi.

Asiye na trei atumie magunzi. Yakate urefu wa kidole, yakauke kabisa juani, yachovye upande mmoja katika nta mpaka uhesabu kumi, kisha yapange juu ya gazeti yapoe. Koni za msonobari nazo hufaa vivyo hivyo.

Kuwasha ni hivi: ondoa jivu la jana, weka kiwashio chini, kizungushie vibanzi vikavu, washa pembe ya karatasi kwa njiti moja, kisha ongeza kuni nyembamba, na nene mwisho. Subiri kiwashio kiishe kuwaka ndipo uchome mahindi au nyama, maana moshi wa nta haufai kwa chakula. Viwashio viwekwe juu mahali pakavu. Panya huvitafuna, na mtoto mdogo huweza kuvidhania mandazi.

KUNI KAVU NDIZO MSINGI

Nisiwadanganye. Kiwashio hakikaushi kuni mbichi. Kuni iliyokatwa leo huweza kuwa nusu yake ni maji, na moto hutumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kwanza, ndipo upate kukupikia. Ndiyo maana watu hukimbilia chupa.

Na hapa nasema na wanaume wenzangu. Wazee wetu walipopewa mashamba haya katika mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka wa 1962, miti ilikuwa mingi na watu wachache. Leo mashamba mengi yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na kuni ni matawi machanga tunayoyakata leo na kuyachoma kesho. Sisi hujenga zizi la ng'ombe kwa bati jipya, lakini kuni za mama wa nyumba zalala mvuani. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilipobaki peke yangu jikoni kwa siku mbili ndipo nilipojua kwamba mke wangu alikuwa akipigana na kuni zangu mbichi kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, na asiseme neno. Kibanda kidogo cha kuni, chenye paa na kuta zinazopitisha hewa, ni kazi ya siku moja ya mwanamume. Kata kuni wakati wa kiangazi, zipasue, zipange humo, ziwe kavu kabla ya mvua.

Mzee mmoja wa skimu yetu, aliyekuja huku akiwa kijana, alinikumbusha jambo jingine. Zamani, alisema, moto haukuwashwa kila siku, ulilazwa. Jioni walifukia makaa makubwa kwa jivu, na asubuhi walifukua, wakaweka nyasi kavu na vibanzi, wakapuliza. Njia hiyo bado ni nzuri, lakini ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutoweka mafuta ya taa karibu, maana makaa yaliyolazwa yako hai. Kwa makaa hayo gunzi la nta halihitaji hata kiberiti.

WATAKAOPINGA

Wengine watasema: sisi tuna stima na taa za jua, mishumaa twaipata wapi? Ni kweli, mishumaa imepungua, na ni jambo jema. Nyumba moja haitapata ya kutosha. Lakini nyumba kumi za kikundi kimoja, pamoja na kanisa na duka, hupata mkebe kujaa. Asiyepata kabisa asinunue mishumaa mipya ili aiyeyushe, maana hiyo si akiba tena. Akaushe magunzi na vijiti vyembamba juu ya dari, navyo vitamfaa. Shabaha si nta. Shabaha ni kuiondoa chupa.

Wengine watasema: siku hizi iko gesi. Aliye nayo na ashukuru. Lakini githeri ya nyumba ya watu wanane, na maji ya ng'ombe, na maji ya kuoga, katika nyumba nyingi nizijuazo bado hupikwa kwa kuni, na mtungi wa gesi huisha katikati ya mwezi.

Tena wako watakaocheka: karani ameishiwa na maneno, sasa atufundisha kuokota takataka. Sioni haya. Maziwa yakichelewa gari likapita, hasara ni ya shamba. Viwele vikioshwa kwa maji baridi na mkono ulioganda, maziwa huingia uchafu na hukataliwa mizani. Mtoto akilala hospitali, ng'ombe huuzwa ili kulipa. Sasa niambieni, jiko si sehemu ya shamba?

MANENO YA MWISHO

Nawaomba kila nyumba ifanye mambo matatu. Weka mkebe wa nta. Jenga kibanda cha kuni. Na ile chupa ya mafuta ya taa, kama bado wayahitaji kwa taa, itoke jikoni leo hii, ifungiwe stoo, tena isiwe chupa ya soda. Watoto wengi hunywa mafuta ya taa kwa sababu chupa yaonekana ni soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa kuwa yakirudi huingia katika mapafu. Mpeleke hospitali mara moja. Na mtu akiungua, mmwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, usipake mafuta wala unga wala dawa ya meno, funika kwa kitambaa safi, umpeleke kwa daktari. Nilipaswa kuyajua hayo asubuhi ile. Jirani ndiye aliyeyajua, na daktari aliniambia maji yake ndiyo yaliyouokoa mguu.

Nyumbani kwetu sasa kazi ya kuyeyusha ni yangu, na kazi ya kukata trei iliyopoa ni ya kijana. Haikaribii nta ya moto, wala simlazimishi. Lakini viwashio vikiisha, yeye ndiye wa kwanza kunikumbusha.

Haya ndiyo maoni yangu. Aliye na njia bora zaidi ya kuwasha moto kuliko hii na aiandikie gazeti letu, wote tupate kufaidika.